Siku Nilipowamaliza Ng'ombe wa Masanja

Mimi ni mtu mzima, nina duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Mikumi kando ya barabara kuu, nimelijenga kwa mikono hii baada ya miaka ya kunoa panga za watu kwenye gulio la Kilosa, na shule yenyewe niliiacha kule Chanzuru kabla sijajua kugawanya, kwa hiyo kuchekwa sijazoea na sipendi. Lakini hili la upanga bora mlisikie kwangu, maana najua mmeshalisikia kwa Masanja, na Masanja anatia chumvi.

Ilikuwa Jumapili ya mvua. Mjukuu wangu Salma, anayesoma chuo Morogoro, alikuja likizo na gemu lake la mezani. Si bao wala si karata, ni hadithi: yeye anasimulia, ninyi wengine mnakuwa watu wa humo ndani, kila mmoja anasema anafanya nini, halafu unarusha dadu (lina pande nyingi, linabingirika kama kokoto) kuona kama umeweza. Tukakaa kwenye baraza la duka, mimi na Mzee Masanja. Huyu ni mfugaji, alihamia huku zamani na ng'ombe wake kutoka Usukuma, na mimi na yeye ndio tunaongoza kamati ya kupatanisha wakulima na wafugaji, mimi upande wa wakulima, yeye wa wafugaji. Hilo la kamati mlishike, kwa sababu kesho yake tulikuwa na shauri baya: ng'ombe wa Luhende, mpwa wa Masanja, walikuwa wameingia kwenye mahindi ya Mama Tatu, na watoto wa kiume wa Mama Tatu walishafika dukani kwangu kutaka panga, na kwa macho yale hawakuwa wanakwenda kulima. Nikawanyima. Nikawaambia wangojeni wazee.

Basi Salma akatwambia tuchague silaha za safari, tunakwenda kuua joka linalosumbua kijiji. Masanja akachagua kibuyu cha dawa, ukinyweshwa unapona, hata ukiwa umekufa unaamka. Akasema pia yeye hawezi kusafiri bila ng'ombe.

"Babu Masanja, hii ni hadithi tu," Salma akamwambia.

"Ndiyo maana nataka wengi."

Akapewa kundi zima, akaanza kuwapa majina mmoja mmoja. Mimi nikaulizwa, filimbi ya kulaza watu au upanga? Jamani, si ningechukua filimbi! Nikachukua upanga.

"Huo una uchawi, babu. Kila ukiua, unaongezeka nguvu."

Nikacheka. Panga mimi nazijua, panga ikikata inakuwa butu, hata uiulize tupa ya kunolea. Lakini tukakutana na fisi, nikarusha dadu, nikamuua, Salma akasema upanga umepanda. Nikasikia kitu kifuani. Mtu niliyeanza na jiwe la kunolea, leo ninashika chuma kinachojinoa chenyewe!

Nikauliza swali moja tu, na hapo ndipo nilipoharibu: "Kuku je, anahesabika?"

Salma akasita. "Chochote chenye uhai, babu."

Kumbe! Sasa kwenda kwa joka haraka ya nini? Nikaingia kwenye kijiji kile kile tulichotumwa kukiokoa, nikaanza na kuku. (Kila mmoja nilimsomea Bismillah, maana sijawahi kuchinja bila hiyo na sikuona sababu ya kuanza uzeeni.) Mvua ilikuwa imekaza, watu wakakimbilia baraza langu kujikinga, na kila aliyefika aliuliza kinaendelea nini, akaambiwa mzee anamaliza kuku. Masanja kwa huruma akamnywesha jogoo mmoja dawa ya kibuyu, jogoo akaamka, nami nikamchinja tena, nikadai nguvu nyingine.

"Babu! Yule yule?"

"Ulisema chenye uhai. Si alikuwa hai?"

Baraza likalipuka. Mke wangu, Mama Salum, akachungulia dirishani: "Baba Salum, hao kuku wana wenyewe." Sikumsikia. Nikahamia kwa mbuzi. Walipokwisha mbuzi nikatazama huku na huku, nikawaona ng'ombe wa Masanja wametulia wanakula majani, hawana habari.

Sitaki kusimulia sana. Nitasema tu kwamba dadu lilinipenda, na Masanja alikuwa akiwataja mmoja mmoja wakianguka, na alipofika kwa dume lake kubwa alisimama.

"Huyo hapana."

"Ni hadithi, Masanja, kaa."

Nikarusha. Akakaa, lakini alikaa vibaya. Mwenyekiti wa kijiji cha hadithi akaja kunizuia, naye nikampitia na upanga, waliobaki wakakimbia. Joka lilipotokea nikalimaliza kwa pigo moja, nikaruka juu kwa magoti haya haya yanayouma, nikapiga kelele: "Nimeshinda! Haya, nishangilieni!"

Salma akakusanya vitu vyake taratibu. "Wakushangilie akina nani, babu? Umebaki peke yako."

Barazani watu walicheka mpaka bati likasikia. Masanja hakucheka. Akavaa koti lake akaondoka mvua ikinyesha.

Kesho yake ofisi ya kata ilijaa. Mama Tatu na wanawe upande huu, Luhende na vijana wenye fimbo upande ule, katikati meza, na nyuma ya meza mimi na Masanja, ambaye shikamoo za watu wote aliziitikia ila yangu ya utani hakuitikia. Nikasimama, nikakohoa kiutu uzima, nikaanza: "Ndugu zangu, kwanza tuweke hasira pembeni."

Sauti ikatoka mlangoni: "Na upanga je?"

Kicheko. Lakini Luhende hakucheka, akasimama na fimbo yake. "Mimi sipatanishwi na mtu aliyewamaliza ng'ombe wa mjomba. Mkulima ni mkulima tu. Mmempa mchezo, ameonyesha roho yake." Na vijana wake wakaanza kuinuka, na watoto wa Mama Tatu nao wakainuka, na mimi nikaona kabisa kwamba kwa ajili ya kuku wa hadithi watu wa kweli watakatana.

Ndipo Masanja akanigusa mkono. "Mwenzangu. Uweke chini."

"Niweke nini?"

"Upanga. Hapa mezani, wauone."

"Masanja, upanga gani? Ule si wa hadithi!"

"Basi kama ni wa hadithi, si mzito. Weka."

Kata nzima inaniangalia. Mimi, mwenye duka! Nikapeleka mkono kiunoni, nikachomoa hewa, na kwa kuwa nilijua umepanda sana nikashika kwa mikono miwili, nikauinamisha polepole, nikaulaza mezani. Nikasema, "Masanja, ng'ombe wako nisamehe."

Mama Tatu, ambaye wiki nzima hakuwa ametabasamu, akaguna: "Na ala yake, mzee!" Nikavua na ala. Hapo Luhende alishindwa, alicheka huku amejiziba uso kwa fimbo, na walipomaliza kunicheka walikuwa wameshakaa. Tukaongea mpaka adhuhuri. Luhende akakubali kuja na jozi ya maksai kumlimia Mama Tatu upya, na watoto wa Mama Tatu watasaidia kuziba njia ya ng'ombe.

Sasa vijana wakinipita wanasema, "Shikamoo, Babu Upanga," na kwa kuwa imeanza na shikamoo sina budi kuitikia marahaba. Salma nimemwambia akija tena anipe filimbi. Silaha inayonenepa kwa kuua sishiki tena, hata ya mdomo, kwa sababu nimeona inavyoninogea.

Na ule upanga sijaurudia. Hadi leo mtendaji wa kata akitaka kuweka mafaili yake pale mezani, kuna mtu atamwambia angalia, utajikata, naye anayasogeza pembeni.