Mdomo wa Kamanda

Punda aliyeloa ananuka gunia bichi, jasho na majani yaliyotafunwa, na harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha kila alfajiri tulipokuwa tukiishi Njiru, pembezoni mwa jiji, kabla Barabara ya Kangundo haijajaa maghorofa. Punda wetu aliitwa Kamanda. Baba alipofariki alimwachia mama punda huyo na mkokoteni wa mitungi ya maji, basi. Mama alijaza mitungi kwenye kisima cha pampu, kisha tukazunguka ploti hadi ploti tukiuza, mimi nimeshika kamba. Wateja wakituhama hatukuwa na kingine cha kula. Nikimkumbatia Kamanda shingoni, mama aliniambia niache upuzi, huyo si ndugu yangu.

Mwaka ule mvua ilinyesha vizuri na miforosadi ikazaa kupita kiasi. Ilikuwa imeota kando ya ua wa ploti moja ambayo mwenyewe alishindwa kuijenga, na hapo ndipo tulipomfunga Kamanda mchana apate kula nyasi. Sisi watoto tuliyaita matunda yale malberi, tukayala mpaka meno yakageuka rangi. Kamanda naye aliacha nyasi akafuata matunda. Alilamba yaliyoanguka, akavuta matawi, akatafuna majani na vyote. Siku chache tu midomo yake, ulimi na hata povu lililomtoka vikawa zambarau iliyokolea. Watoto wa ploti wakatukimbilia barabarani wakipiga kelele, "Cheki punda amejipaka lipstiki!" Nilicheka nao. Mama hakucheka, maana aliwajua majirani zake kuliko mimi.

Enzi hizo hakuna nyumba Eastlands ambayo haikuijua dawa ya zambarau. Mtoto akiwa na vidonda mdomoni, muuguzi alimpaka hiyo, na punda akichubuliwa na kamba, mwenye punda alimpaka hiyo hiyo. Kwa hiyo watu walipoona mdomo wa Kamanda hawakufikiria matunda hata kidogo, ingawa vinywa vya watoto wao wenyewe vilikuwa rangi ile ile. Wa kwanza kutugeuka alikuwa Mama Shiro, mwenye kihoteli cha chapati, mteja wetu mkubwa. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika ploti nzima.

"Huyo punda wenu ako na vidonda mdomoni, na nyinyi mnampaka dawa mkidhani hatuna macho. Hayo maji pelekeni kwenu."

"Ni malberi amekula, Mama Shiro," mama alisema. "Njoo umwangalie karibu."

"Nimwangalie nipate ugonjwa? Enda."

Kufikia jioni nusu ya wateja walikuwa wametufungia milango. Mama akamwita daktari wa mifugo aliyekuwa akipita mitaani akitibu ng'ombe. Alimfungua Kamanda mdomo, akamsugua kidogo kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikatoka na rangi. Akatueleza taratibu kwamba mdomo wa mnyama una mambo mengi: ufizi ukiwa wa manjano huenda ini linaumwa, ukiwa wa buluu huenda amekula sumu au hewa haimfikii vizuri. Huyu ufizi wake ulikuwa wa waridi chini ya rangi, na hakuwa na kidonda hata kimoja. "Mhamishe hapo kwenye matunda, itatoka yenyewe," alisema. Mama alisikia. Mimi pia nilisikia.

Lakini mama hakuwa na subira ya kungoja itoke yenyewe. Alitaka kesho yake ampitishe Kamanda kwa Mama Shiro akiwa na mdomo safi. Alimfunga kichwa kwenye nguzo, akaniamuru nimshike masikio, akachukua chumvi, ndimu na ile waya ya kusugulia sufuria. Alimsugua midomo, akamsugua ulimi, akamsugua ufizi. Kamanda alilia mlio ambao sikujua punda anao. Nilimwambia mama damu inatoka, akanipiga kofi kwa mkono uliojaa chumvi na kuniambia damu si zambarau.

Asubuhi mdomo ulikuwa umevimba. Baada ya siku kadhaa ulikuwa na vidonda kweli, vinatoa usaha, na Kamanda hakuweza kutafuna. Mama alinunua dawa ya zambarau akampaka. Mama Shiro alipopita akaona, alitabasamu tu. Hakuna aliyenunua tena hata mtungi mmoja. Alikuja mwanamume mwenye pikapu, akamchukua Kamanda kwa bei ya kutupa, na hatukumuuliza anampeleka wapi kwa sababu tulijua. Mama akaanza kufulia watu nguo mtaa wa Tena, akienda na kurudi kwa miguu.

Siku hizi Njiru ina mabomba, na watoto wangu humwona punda kwa nadra. Mama anaishi nami. Anawapenda wajukuu mno, anawapulizia uji, anawatoa miiba kwa vidole vyepesi ambavyo mimi sikuvijua nilipokuwa wa umri wao. Juzi mdogo wao alimuuliza punda wetu alipatwa na nini. Nilitega sikio.

"Alikuwa mgonjwa," mama alisema. "Majirani waliona kabla yetu."

Akaniangalia mimi, akangoja nikubali, na mbele ya watoto nikakubali.