Khanga Iliyochemshwa

Mama alipofariki, tulilala matanga kwenye mikeka ukumbini kwake, Masaki ya Kisarawe, wanawake tumebanana, kila mmoja akivuta khanga iliyo karibu ajifunike. Hakuna aliyeuliza hii ya nani. Kuuliza hivyo msibani kungekuwa uchoyo. Mimi sikulia. Nilipika, nikaosha vyombo, nikaitikia pole za watu, basi. Walinisifu kwa uvumilivu, nami sikuwa na nguvu ya kuwabishia.

Baada ya arobaini, mama mdogo, aliyemfuata marehemu kuzaliwa, alitugawia khanga zake kama ilivyo desturi. Zile za siku za mwisho zilikuwa bado hazijafuliwa, nani angethubutu? Moja nilipewa mimi, moja akabaki nayo yeye. Yangu ilinukia udi na moshi wa mkaa. Nikarudi nayo nyumbani Mlandizi, nikawa namfunika nayo binti yangu mdogo.

Mtoto ndiye aliyeanza kujikuna. Vilimtoka viduara tumboni, kingo zimeinuka, katikati pakavu, vile tunavyoviita mashilingi. Halafu mimi, kiunoni. Wifi yangu akapiga simu kutoka Masaki: naye anavyo, na mama mdogo vimemjaa shingoni, na kuna watu wameshaanza kusema tumefanyiwa kitu. Ndipo nikamkumbuka Mama akijikuna mgongo kwenye mwimo wa mlango, akisema ni joto tu.

Nesi wa zahanati alilitazama tumbo la mtoto, akacheka kidogo.

"Dada, hapa hakuna mchawi. Kikulacho ki nguoni mwako. Hii fangasi. Khanga mnaazimana, mkeka mmoja, taulo moja, mnaambukizana wenyewe kwa wenyewe. Mpake dawa, usiache hata vikififia, mpaka nimwone tena. Na nguo zote chemsha, anika juani. Usipochemsha vitarudi."

Nguo nyingine nilizichemsha siku ileile. Khanga ya Mama niliiacha kwenye kamba ya chumbani, nikawa naipita tu. Mtoto akajikuna hadi akatoka damu. Basi nikabandika sufuria, nikaitumbukiza. Maji yaligeuka rangi ya chai. Niliigeuza kwa mwiko mbovu, sikuhisi kitu. Ilipokauka niliinusa. Ilinukia sabuni.

Mtoto alipokuwa ameshapona, mama mdogo alikuja kututazama. Alikuwa amejitanda ile khanga yake, na viduara vimempanda hadi nyuma ya masikio. Nilimwamkia, nikampa maji, nikamwuliza kama ameichemsha.

"Nyie chemsheni," alisema, huku anajikuna. "Mna watoto. Mie nalala peke yangu. Nitajikuna tu, mwanangu."

Nilimwonea wivu; khanga yake ilikuwa bado inanukia udi. Nilimbeba mtoto, nikampa baba yake, nikawaambia wakakae nje. Kisha nikarudi ndani, nikapiga magoti mbele ya mama mdogo, nikauzika uso wangu kwenye khanga yake.