Moshi wa Siku ya Kwanza

Kwa miaka arobaini na mmoja Kyule alichoma chokaa katika tanuru lake la mawe nje ya mji wa Kajiado. Nyumba nyingi za Kitengela zilipakwa chokaa hiyo, kabla watu hawajaanza kuonea haya kuta nyeupe.

Ikaja sheria ya moshi: kila tanuru lipimwe, na litakalozidi kipimo lifungwe. Kyule hakuogopa. Alijua moto wake. Siku ya kwanza moshi huwa mweusi, kwa kuwa kuni na mawe yanatoa maji. Siku ya tatu ukitazama juu ya bomba huoni kitu ila hewa inayotetema.

"Baba Katee, washa mapema," mkewe Mbeke alimwambia. "Wakija wapate moto umeshika."

"Na mgeni atie gogo gani? Nimwonyeshe hatukuwa tunamngoja?"

Kwa wachoma chokaa wa zamani, mgeni wa siku ya kuwasha ndiye hutia gogo la kwanza.

Naeku, afisa wa mazingira, alifika saa tatu asubuhi. Akapewa gogo, akalitia, akapigwa picha akicheka. Moto ulipokolea, akaingiza mrija wa mashine bombani.

"Mzee, umepita kipimo mara nne."

"Msichana wangu, huo ni moshi wa kuwasha. Rudi kesho kutwa."

"Kesho kutwa niko Namanga. Na kupima tena ni wewe unalipia gari na mashine. Elfu thelathini."

"Hiyo ni chokaa ya miezi minne! Kwani ng'ombe mnampima maziwa siku anazaa?"

Dereva aliyemleta Naeku akaangua kicheko. Naeku akainamisha macho. "Unasema ukweli, mzee. Lakini fomu iko na nafasi ya kipimo kimoja. Zima kabla ya jioni."

Siku hizi mtu hukubali ukweli mchana kweupe, kisha akatia sahihi kinyume chake.

Kyule akavuta kuni zinazowaka, akazifukia mchangani. Asubuhi alipasua jiwe moja la chokaa: nje masizi, ndani lilikuwa vile vile lilivyotoka ardhini. Mbeke akamletea maji ya kunawa.

Wiki iliyofuata lori lilikuja kutoka Kitengela kununua mawe ya tanuru. Kuna tajiri anajenga ukuta. Vijana wa lori wakaanza kulibomoa tanuru kutoka chini.

"Ngojeni," Kyule akasema. "Mkianzia hapo litawaangukia."

Akapanda ngazi polepole, akaweka kiganja juu ya jiwe la kileleni.

"Anzeni na hili."