Mama wa Ndani ya Boksi

Jamani, nawahadithia hili kwa sababu Kivinje nzima inalijua tayari, kwa hiyo sina cha kuficha, ila naomba mcheke taratibu. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na boksi langu.

Mimi natengeneza kompyuta Lindi mjini. Bibi yangu Somoe, aliyenilea, yuko Kivinje, na ananiita mume wangu, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. Mdogo wake wa tumbo moja, bibi Mwanahawa, aliolewa Maskati akiwa kigori na hajarudi. Huwa wanaongea kwa simu, lakini macho ya bibi yameingia ukungu, kwenye kile kioo kidogo anaambulia kivuli tu. Akaniambia, "Mume wangu, nitafutie kitivii kikubwa nimwone Mwanahawa kabla haya macho hayajafunga." Nani angekataa?

Hela ilikuwa ya kuungaunga, nikaamua kuunda kompyuta kwa vipande vya mtumba. Skrini niliipata kubwa (ina mkwaruzo, lakini hauonekani ukikaa upande wa mlangoni). Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nikachukua ya bei rahisi, na urahisi wake una sababu, haitoi picha mpaka uiongezee kadi ya picha. Halafu kuna mazabodi, ule ubao unaobeba vyote, ambao sisi mafundi tunauita mama. Shikeni hapo hapo, kwenye mama na kadi, maana ndipo nilipoangukia.

Bibi alipiga simu nimeinamia kazi ya mteja. Ningemwambia tu kitivii chako kinakuja Ijumaa, yangeisha. Lakini nikaona nijidai na ufundi wangu.

"Shikamoo bibi, mama nimeshampata!"

"Marahaba... wallahi? Wa wapi?"

"Nimemtoa Mtama. Ametumika kidogo, lakini mzima, nimempima mwenyewe."

"Umempima mwenyewe?" (Sauti ilishuka, nikadhani mtandao.) "Na huyo aliyekuwa naye?"

"Kapata wa kisasa, huyu akamwacha."

"Masikini, mtoto wa watu. Haidhuru, mume wangu, mradi mzima."

"Sasa imebaki kadi tu. Kadi ikipatikana, Ijumaa namleta."

"Kadi za nini? Sisi huku tunaitana kwa mdomo!"

Nikacheka, nikajua ni utani wake, nikakata simu. (Mtu mzima hajaoa, kila Idi bibi yake anamwuliza mama wa nyumba lini, halafu hashtuki! Ndiye mimi huyo.)

Ijumaa nikashuka basi Nangurukuru, nikapanda bajaji, boksi mapajani. Kufika, uani kumetandikwa mabusati, pilau linanukia hadi barabarani, wanawake wamevaa sare za kanga, na vigelegele vikapasuka. Nikadhani ni vya kitivii! Nikawapungia mkono. Jirani yetu Mama Zuhura akachungulia ndani ya bajaji, akaizunguka, akarudi.

"Mwanangu, mbona peke yako? Mama yuko wapi?"

"Yumo humu ndani ya boksi."

Vigelegele vilikatika. Bibi akasema polepole, "Yule wa Mtama, mume wangu," na hapo ndipo nikaelewa, jasho likanitoka, nikaanza kujieleza mbele ya umati ule, na kila nikieleza mambo yanazidi kuharibika, mpaka nikaitoa kadi ya picha niwaonyeshe. Mama Zuhura akaigeuza huku na huku. "Kadi gani hii haina hata jina la bwana harusi?" Wakacheka mpaka mpishi akaacha sufuria. Bibi hakucheka. Alikaa busatini, kanga yake mpya bado ina mikunjo ya dukani, na mimi roho iliniuma sana.

Nikaingia ndani, bibi na wageni wakanifuata, nikaunga kompyuta, nikawasha data ya simu, nikapiga Maskati. Uso wa bibi Mwanahawa ukajaa skrini nzima, amejipaka wanja. Bibi akasogea, akasogea tena, mpaka pua karibu iguse kioo. Akalipapasa lile shavu.

"Kumbe na wewe umezeeka, Mwanahawa."

"Dada, unaniona?"

"Nakuona. Kovu lako la nyusi lipo palepale."

Wale waliokuwa wanacheka wakaanza kupangusa macho kwa ncha za kanga (nami pia, semeni mtakavyo). Mara Mwanahawa, ambaye kumbe naye alishapewa habari, akasema, "Haya, nionyesheni bibi harusi!" Nikatafuta pa kujificha. Bibi akajitengeneza kanga kichwani.

"Bibi harusi si mimi hapa? Mume wangu kaniletea mdogo wangu."

Vigelegele vikarudi, pilau likaliwa. Tangu siku hiyo mazabodi naiita mazabodi, hata mbele ya mafundi wenzangu. Na nimeapa, nikimpata mama wa kweli sitamtangaza kwa simu, nitamleta Kivinje kwa miguu yake mwenyewe, akae karibu na bibi atazamwe vizuri. Niombeeni nimpate mapema, yale macho yangali yanaona.