Kasha Moja kwa Paka Watano

Mbaraka Swalehe alikuwa mtu wa foleni. Si kwamba alipanga foleni, hasha! Foleni ilipangwa mbele yake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa meneja wa duka la ushirika pale Same, nyuma ya stendi, katika miaka ile ya dhiki ambayo ukiona watu wawili wamesimama pamoja, unakwenda kusimama nyuma yao kwanza, ndipo unauliza wanasubiri nini. Asubuhi akitokea na funguo zake mkononi, watu themanini walimwamkia shikamoo kwa mpigo mmoja, wakiwemo wazee waliomzidi umri. Na yeye, bila haya, aliitikia marahaba.

Duka lile lilikuwa na panya wengi kuliko bidhaa, kwa hiyo akafuga paka. Majina aliyowapa ni ya vitu ambavyo angependa kuviona rafuni: Sukari, Sabuni, Sembe na Khanga. Dume kubwa lenye sikio lililochanika akaliita Kibali, maana bila kibali siku zile hupati kitu. Jioni moja alitoka mlango wa nyuma akaita, "Sukari! Sukari!" na kabla paka hajafika, foleni ilishafika stendi. Ilibidi aite polisi wawili waje kuwaeleza watu kwamba ni mnyama.

Kisha mambo yakaachiwa. Watu binafsi wakaruhusiwa kuleta bidhaa, maduka yakaota kandokando ya barabara ya Moshi, sabuni ikapangwa nje juani kama matofali, na wala hakuna aliyeishangaa tena. Ikafika asubuhi Mbaraka akafungua duka lake akakuta mlangoni hakuna mtu, ni upepo tu na vumbi lake. Ushirika ukafunga duka. Alichorudi nacho nyumbani ni kasha moja tupu la majani ya chai na wale paka watano.

Jamani, kustaafu bila kuagwa kunauma. Watu waliokuwa wakimsalimu kutoka ng'ambo ya barabara sasa walimpita wakitazama saa zao, hata wasio na saa. Mkewe, Bi. Maua, ambaye mtaani aliitwa Mama Jabiri, hakuwa na muda wa huzuni. Aliagiza robota la mitumba, akageuza chumba cha mbele kuwa duka, na ndani ya mwezi mmoja akawa ndiye anayelisha nyumba. Mbaraka alibaki na paka. Ukitaka kujua ukweli, wao ndio pekee waliobaki wanamsubiri mlangoni asubuhi, na hilo alilithamini kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Shida ilianzia kwa jirani. Bwana Erasmo alikuwa anajenga nyumba ya kulala wageni, na mbele ya msingi alimwaga lori la mchanga laini wa korongoni. Wewe mpe paka mchanga wa namna hiyo uone! Siku ya nne Erasmo akabisha hodi.

"Mzee Mbaraka, shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Sikai. Mafundi wangu wamegoma. Kila wakitia mkono mchangani wanatoka na zawadi. Mimi najenga nyumba ya wageni, mzee, sijengi choo cha paka wako. Nikimwona hata mmoja tena, sumu ya panya ninayo."

Hapo ndipo paka watano walipofungiwa ndani mpaka Erasmo amalize kupiga lipu, na ndipo Mbaraka alipolikumbuka kasha lake la chai. Akalitoboa mlango ubavuni, akalipiga msasa, akaliweka ukumbini. Mwanzo alilijaza majivu ya jikoni, na siku ile nyumba nzima ikawa na nyayo nyeupe, hadi kwenye mswala wake: tano kwenda, tano kurudi. Akamwaga majivu, akatia mchanga.

"Moja tu?" Mama Jabiri akauliza.

"Duka moja lilitosha kata nzima, kasha moja litashindwa na paka watano?"

"Lilitosha?" Mama Jabiri akauliza, kisha akarudi kwenye nguo zake.

Halikutosha. Jumatatu Mbaraka alivaa kiatu cha kulia akakuta kimelowa ndani. Jumanne ilikuwa chini ya kitanda. Kasha lenyewe, ukilichungulia, mchanga wake ulikuwa safi, haujaguswa karibu wote. Yeye akaona ni utovu wa nidhamu. Akatengeneza ratiba: Sukari baada ya alfajiri, Sabuni saa mbili, Sembe saa nne, Khanga adhuhuri, Kibali wakati wowote kwa heshima ya ukubwa wake. Saa ya mtu ikifika alimbeba, akamwingiza, akamshika kiuno akimwambia, "Haya, zamu yako." Lakini paka aliyeshikwa kiuno hachimbi. Alimtazama tu Mbaraka kwa jicho lile lile ambalo watu walimtazama nalo dukani.

Jumatano wakafika kwenye robota. Mke wa mwalimu mmoja alikuja kununua koti, akalivaa, likamkaa vizuri ajabu, akageuka huku na huku mbele ya kioo. Halafu pua yake ikaanza kufanya kazi.

"Mama Jabiri, hii harufu?"

"Ya Ulaya hiyo," akasema Mama Jabiri, mtu mzima, Mwislamu, bila kupepesa macho. "Nguo zote za Ulaya zinakuja na dawa. Ukifua mara moja inaisha."

"Huko Ulaya wanafuga paka wangapi?"

Koti likavuliwa. Mama Jabiri akalibeba kwa vidole viwili mpaka ukumbini, akalitua mapajani kwa mumewe.

"Baba Jabiri, nimevumilia kiatu, nimevumilia uvungu. Hiki ni chakula chetu. Nakupa mpaka Jumamosi. Kurwa akishashusha samaki sokoni, gari lake linarudi tupu bwawani Nyumba ya Mungu, na nimeshaongea naye. Wakikojoa ndani tena kabla ya hapo, atawapakia wote watano."

"Adhabu gani hiyo, Mama Jabiri, kumpeleka paka kwenye samaki?"

"Kwao si adhabu. Wao wataneemeka. Utakayeadhibiwa ni wewe."

Alisema kweli, na Mbaraka alilijua. Aliwaza asubuhi ya Jumapili: atafungua mlango wa chumba, ukumbi uko kimya, na hakuna kiumbe hata kimoja kinachojali kama ameamka au hakuamka. Aliona afadhali wangemnyang'anya redio.

Alhamisi, alipotoka kuswali adhuhuri, akaamua kumkamata mhalifu kwa macho yake. Alivuta kigoda akakaa kwenye kona, tasbihi mkononi, akatulia. Alimshuku Sukari, kwa sababu ndiye mpole, na yeye katika kazi yake alishazoea kuwashuku wapole.

Kibali alikuwa amejilaza mlangoni mwa kasha, kidevu juu ya miguu. Akaja Sabuni. Akasimama hatua tatu kutoka mlangoni, akamtazama Kibali. Kibali hakunguruma, hakuinua hata mkono. Alimtazama tu, kisha akatazama pembeni. Sabuni akakaa chini. Akaja Sembe, akakaa nyuma ya Sabuni. Akaja Khanga, akakaa nyuma ya Sembe. Mwishowe Sukari, wa mwisho kabisa, mkia umefungwa miguuni. Mbaraka akaacha kuhesabu tasbihi. Ilikuwa foleni, wallahi, foleni kamili.

Kibali akainuka taratibu, akajinyoosha, akaingia ndani ya kasha. Akakwaruza mchanga huku, akakwaruza kule, hakufanya lolote la maana, akatoka na kujilaza tena pale pale. Sabuni akasubiri kidogo zaidi. Kisha akainuka, akapita pembeni kwa heshima zote, akaingia chumba cha mbele, kwenye robota.

Nyuma ya Mbaraka kukasikika kicheko. Mama Jabiri alikuwa amesimama na sinia la mchele, machozi yanamtoka.

"Yule dume," akasema alipopata pumzi, "anakukumbusha nani?"

Mbaraka alikuwa anajiona. Hakuwahi kuiba, na hilo aliliapia siku zote. Hata punje ya sukari haikuingia nyumbani kwake bila kadi. Alichopenda yeye ni kubembelezwa. Alipenda ile dakika mtu anasimama mbele ya kaunta, anashusha sauti, anaanza na habari za nyumbani, na yeye anatazama pembeni. Akamkumbuka Dorkas, mama mmoja wa Vudee, aliyeteremka mlima kwa miguu siku tatu mfululizo akiwa na kichanga mgongoni, anatafuta sabuni ya kufulia nguo za mtoto. Mara ya kwanza alimwambia rudi kesho. Mara ya pili alimwambia rudi kesho. Mara ya tatu vilevile. Sabuni ilikuwepo, na Mbaraka alijua ipo. Alitaka tu aombwe vizuri zaidi.

Mama Jabiri akafuta macho kwa upande wa kanga. Robota alilihamishia chumbani akafunga mlango kwa ufunguo. "Kosa la Sabuni la leo silihesabu," akasema, "kwa kuwa limenichekesha. Lakini Jumamosi ni Jumamosi. Kila paka anataka kasha lake, na mbali na la mwenzake. Makasha yako kwa Mama Tumainieli."

"Hakuna kwingine?"

"Kwa Mama Tumainieli."

Mama Tumainieli ndiye Dorkas. Alikuwa na duka barabarani sasa, limejaa mpaka darini, na wateja wake waliingia na kutoka kama nyuki. Mbaraka alizunguka Ijumaa nzima akiuliza makasha kila mahali pengine, na kila mahali pengine hakuna. Alasiri, jua limeshaegemea, akaingia. Mbele yake walikuwepo watu watatu. Akasimama nyuma yao. Alikuwa hajawahi kuiona foleni kutoka upande huo. Upande huo unaona visogo tu.

"Mzee Mbaraka! Shikamoo," Dorkas akasema zamu yake ilipofika.

"Marahaba, mama. Natafuta makasha matupu. Manne."

"Ya nini?"

Duka zima likageuza shingo. "Ya paka," akasema. "Choo chao."

Watu wakacheka. Dorkas hakucheka. "Paka wanne?"

"Watano. Moja ninalo. Ila wakiwa na moja, mmoja anawazuia wenzake."

"Na yeye anayezuia, analitumia?"

"Hapana. Analala tu mlangoni."

"Hatumii, na wenzake hawatumii." Dorkas akaegemea kaunta, akamtazama Mbaraka, halafu akatazama pembeni. "Makasha yapo. Rudi kesho."

Kesho ilikuwa Jumamosi. Kesho gari la Kurwa lingekuwa limeshaondoka. Mbaraka alifungua kinywa aeleze habari za Kurwa, abembeleze, ashushe sauti. Lakini kilichotoka ni kingine.

"Mama Tumainieli, ile sabuni ilikuwepo. Siku zote tatu. Ilikuwa chini ya kaunta."

Wateja wakasogea wasikie.

"Najua," Dorkas akasema. "Niliona pembe yake tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakusubiri useme."

"Nilikukosea, mama. Ulikuwa na mtoto mgongoni. Naona haya."

Dorkas akamwacha asimame na haya yake kidogo, muda wa mtu kupima kilo moja ya sukari. Kisha akaanza kutikisika mabega, akacheka kicheko cha kutoka tumboni.

"Nisamehe na mimi, mzee! Nilitaka tu nionje inakuwaje kumwambia mtu rudi kesho."

"Na ikoje?"

"Tamu! Tamu kweli kweli. Ndiyo maana hukuacha." Akageukia stoo. "Chukua matano. La ziada ni la akiba, ila usilifiche chini ya kaunta."

Makasha aliyabeba kichwani na kwapani, akipigwa na upepo njia nzima, na kabla ya magharibi yalikuwa yameshajaa mchanga: moja ukumbini, moja stoo penye kuni, moja jikoni, moja kwenye ujia, moja chini ya ngazi, na la akiba karibu na mlango wa chumba cha mbele. Jioni ile Mama Jabiri akalirudisha robota chumba cha mbele, akaacha mlango wazi kuwajaribu. Asubuhi Kurwa akaja kupiga honi. Mama Jabiri aliingia chumba cha mbele, akaingiza pua ndani ya robota mpaka mabega, akakaa humo muda mrefu. Mbaraka alisimama ukumbini akisubiri.

"Kurwa," sauti ikatoka ndani ya mitumba, "nenda zako, baba. Hakuna mzigo."

Mbaraka akakaa chini pale pale alipokuwa. Sukari akapita mbele yake na mkia juu, akaelekea jikoni kwenye kasha lake, hakuomba ruhusa kwa mtu.

Aliyetaabika ni Kibali. Siku mbili nzima alikimbia kutoka kasha hadi kasha, analala mlangoni mwa hili anasikia mchanga unakwaruzwa kule, anakimbilia kule, huku napo pameshaingiwa. Alikonda. Siku ya tatu aliacha. Mbaraka akamkuta ameketi katikati ya ukumbi, peke yake, anatazama mlango ambao hakuna aliyesimama mbele yake. Mzee akavuta kigoda, akamnyanyua, akamweka mapajani na kumkuna nyuma ya lile sikio lililochanika.

"Pole, mwenzangu," akamwambia. "Mwaka wa kwanza ndio mgumu."