Ua wa Kipimo cha Mama

Fundi cherehani yule alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, lakini kwa mama mkwe alikuwa amepata kinoo cha kuunolea. Waligombana tangu chai ya asubuhi, na walipendana sana. Kisha maradhi yakamkalisha mama kwenye kiti cha magurudumu. Mwanamke aliyelima maisha yake yote akabaki kutazama ukuta wa sebule, na ugomvi ukaisha. Ukimya ule ndio uliomtisha fundi.

"Mama, nakutengenezea bustani uani."

"Ua gani? Ule ambao kuku akigeuka, mkia unagusa ukuta?"

Fundi akatoa ndoo zilizopasuka na godoro kuukuu, akamwita shemeji yake mwashi, mdogo wa mumewe. Wakatandaza kokoto nyeupe, wakapanda maua chini ya kuta. Majirani wakaja, wakasifu. Mama akasukumwa nje, magurudumu yakazama, kiti kikagoma kama punda.

Akayatazama maua yaliyokuwa chini kule, mbali na mikono yake. "Pazuri," akasema kwa upole. "Nirudisheni ndani."

Upole ule ulimchoma fundi kuliko tusi. Kesho yake akaja na tepu, akampima mama palepale kitini: magoti yapo juu kiasi gani, mkono ukinyooshwa unafika wapi, kiti kinahitaji nafasi gani kugeuka.

"Unanishonea sanda?"

"Nakushonea ua. Tulia, usiniharibie kipimo."

Shemeji alipoambiwa azoe kokoto zake, alinuna. "Shemeji, nimeinama pale mpaka kiuno kimesahau kunyooka!"

"Na mama yako hawezi kuinama kabisa."

Shemeji akaenda kuchukua sepeto.

Wakasakafia njia kwa saruji, wakaikwaruza ili magurudumu yasiteleze, wakaipa mteremko kidogo maji yasituame. Kizingiti kikasawazishwa. Matuta wakayainua kwa matofali mpaka kimo cha meza, na chini yake wakaacha uwazi wa kuingiza magoti; juu wakajaza udongo, fundi akapanda nyanya. Pembe inayopata kivuli mchana ikaachwa wazi, mahali pa kupumzikia.

Saruji ilipokomaa, fundi akashika vishikio vya kiti.

"Achia!"

Mama akazungusha magurudumu mwenyewe. Akavuka mlango, akakata kona, akaingiza magoti chini ya tuta la kwanza bila kugusa tofali. Akazamisha mikono yote miwili udongoni, akafumba macho.

Mama akafumbua macho. "Nani kabananisha nyanya hivi? Huyu ni wa kushona tu!"

Fundi akapiga kigelegele, jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna harusi gani.

"Kelele baadaye," mama akafoka. "Wewe, nisogezee miche. Na wewe mwashi, maji!"

Wakakimbia wote wawili. Siku hizi mtaa mzima huja kuomba mbegu uani pale, na hakuna apewaye kabla ya kuhojiwa na mama jinsi atakavyozipanda.