Neno Lililozama Kwenye Rangi

Nitegulie hiki, wewe unayesoma: ninacho tangu utotoni, wengine wanakitumia kuliko mimi, na nikifa hakizikwi.

Kimekushinda? Kaa nacho kwanza. Mimi jibu nililikuta ndani ya picha, kwa ncha ya kidole.

Kitindamimba wangu ni mchoraji. Hachori watu wala miti. Anaandika neno moja katikati ya turubai kwa rangi nzito, kisha anafuata kingo za herufi kwa mistari, mstari nje ya mstari, mpaka turubai nzima inajaa nakshi.

"Mama, haya ni maneno yamevaa nguo."

"Hili la leo limevaa makoti matatu, halitoki jasho?"

Tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Halafu akajifungua mtoto wa kike.

Mtoto hakulia.

Shangazi wa binti yangu alimfunika mtoto akasema, "Hajavuta hata pumzi, jina la nini? Sahau, utapata mwingine."

Tulipobaki wawili nikamuuliza, "Ulimwita nani, mwanangu?"

Akageukia ukutani.

Nanyi wajukuu zangu mtakaosoma haya, msimwambie aliyefiwa asahau. Hasahau. Ananyamaza tu.

Na mimi je? Kila nilipotaka kumlilia mjukuu wangu, nilikosa pa kuanzia. Nimwiteje?

Aliporudi kwenye rangi zake alichora picha moja tu. Safari hii nakshi zilipita hadi juu ya neno lenyewe. Likazama lote.

Watu wa maonyesho wakaja kuichukua. Mmoja akakodoa macho weee, akachoka.

"Dada, hapa katikati pameandikwa nini? Tuweke kwenye kibandiko."

"Acheni wazi."

"Wageni watauliza."

"Waulize."

Wakatoka kufuata kamba kwenye gari. Nikachukua kitambaa niifute vumbi.

Kitambaa kikakwama katikati.

Nikapapasa. Chini ya nakshi kulikuwa na matuta.

"Kumbe bado lipo?"

Binti yangu akanisogelea. Alikishika kidole changu, kama nilivyokishika chake akijifunza kuandika, akakipitisha taratibu. Herufi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Kidole kiliijua njia hiyo kabla yangu. Nikakaa palepale sakafuni, kati ya makopo ya rangi.

Akapiga magoti mbele yangu.

"Mama, uliniuliza nilimwita nani," akasema, machozi yakimdondoka mkononi mwangu. "Nilimpa jina lako."